Umeme wa Wanachama Unahitaji Mkaguzi Mwenye Meno na Mipaka

Treni ya Mpanda kwenda Tabora hupita Kaliua, kisha Urambo. Katika vitabu vya historia, Urambo inajulikana kwa mradi wa karanga wa Waingereza wa mwaka 1947 uliokufa kabla haujakomaa. Kwa wakulima wa leo ni mji wa tumbaku, kama ilivyo Mpanda. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba wakazi wa Urambo ndio walioonyesha, katika miaka ya 1990, kwamba Mtanzania wa kijijini anaweza kumiliki umeme wake kwa njia ya ushirika. Chama chao kilisajiliwa kwa jina la Urambo Electric Consumers Cooperative Society, kwa kifupi UECCO. Kikisaidiwa na TANESCO, na kwa fedha na utaalamu kutoka Sweden, kilianza mwaka 1994 kuwauzia wanachama umeme wa mashine za dizeli. Ulikuwa umeme wa saa chache za jioni, na bei yake ilipita ya TANESCO. Hata hivyo wanachama walilipa na chama kikaendelea kwa miaka. Sasa Serikali inahangaika kuufikisha umeme vitongojini, na mkoa wa Katavi, uliko mji wa Mpanda, unatoka katika enzi ya dizeli kuingia enzi ya Gridi ya Taifa. Wakati umefika wa kuuliza chama cha namna ile kinahitaji msimamizi wa aina gani ili kisife wala kisitekwe. Hoja ya makala haya ni kwamba Serikali inapaswa kukagua kwa ukali hesabu, chaguzi na usalama wa nyaya za vyama vya umeme, na papo hapo ijifunge kwa sheria isivimeze wala kuvipangia bei kwa amri.

Ili kuona kwa nini ukaguzi ni lazima, tuingie kwenye chumba cha mashine. Jenereta ya dizeli ya mji mdogo, ikitunzwa vizuri na ikibebeshwa mzigo unaoifaa, hutoa takribani uniti tatu kwa kila lita. Tuseme lita moja ni shilingi 3,000. Hapo uniti moja imeshakula shilingi 1,000 za mafuta pekee, kabla ya mshahara wa fundi, oili, vipuri na nyaya zilizochakaa. Mteja mdogo wa TANESCO, yule asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, analipa shilingi 100 kwa uniti, na wa kundi la kawaida shilingi 292. Hesabu hii ndiyo iliyoielemea TANESCO yenyewe miaka yote ilipokuwa ikiendesha mitambo ya dizeli Mpanda, kwa kuwa kila uniti iliyouzwa hapo iliongeza hasara iliyofidiwa na mapato ya kwingine. Chama cha ushirika hakina mapato ya kwingine. Kikikosea hesabu kwa miezi mitatu, mashine inazimwa. Kwa hiyo swali la kwanza la mkaguzi linahusu lita zilizoingia na uniti zilizotoka, kabla hata ya kuuliza iwapo viongozi ni waaminifu.

Mkaguzi anayejua kazi yake anaomba madaftari matatu na kuyalaza mezani pamoja: la mafuta, la mita ya mtambo, na la mauzo ya uniti kwa wateja. Chama kikinunua lita 3,000 kwa mwezi, mita ya mtambo inapaswa kusoma karibu uniti 9,000. Zikiuzwa uniti 7,500, upotevu ni kama asilimia 17, nao unaweza kuelezwa kwa nyaya nyembamba na masafa marefu. Mita ya mtambo ikisoma uniti 9,000 na mauzo yakawa 5,000, kuna umeme unaoibwa njiani, pengine vishoka wameunganisha nyumba bila mita, au kuna wakubwa wasiolipa. Na mita ya mtambo ikisoma 6,000 tu, basi mafuta hayakufika yote kwenye mashine. Mwanachama aliyemaliza darasa la saba anaweza kuielewa hesabu hii akielezwa mara moja. Kinachomkwamisha ni kwamba mara nyingi madaftari hayo hufungiwa kabatini mwa katibu, na mkutano mkuu husomewa taarifa ya mapato na matumizi isiyotaja lita wala uniti. Umeme wa jua nao una kificho chake. Hauna mafuta ya kuibwa, lakini betri zake huchakaa kimyakimya, na chama kinaweza kuonekana kina faida kwa miaka kadhaa kwa sababu tu hakijaweka akiba ya kuzibadilisha. Siku zinapokufa, faida yote ya nyuma inageuka kuwa deni.

Wapo wanaushirika wanaosema kwamba mwangalizi wa chama ni mwanachama mwenyewe, na kwamba mkono wa Serikali ukiingia, ushirika unakwisha. Hoja hii ina uzito na haifai kubezwa, ila inasahau tofauti iliyopo kati ya umeme na mazao. Mkulima asiyeridhika na chama chake cha msingi anaweza kulima mahindi badala ya tumbaku, au kujiunga na wenzake kuanzisha chama kingine. Nyaya za umeme haziruhusu uhuru huo, maana kijiji hakiwezi kusimamisha nguzo za vyama viwili kando ya barabara moja. Mwenye nyaya anawashika wateja wote, na mwanachama aliyekasirika anabaki na uamuzi mmoja tu, kurudi kwenye kibatari. Isitoshe, nguzo iliyooza au waya uliolegea huua hata asiye mwanachama. Mali ya namna hii haiwezi kuachwa chini ya macho ya wanachama peke yao, hasa pale ambapo wengi wao hawahudhurii mikutano na wanaohudhuria ni ndugu na marafiki wa viongozi.

Marekani ililipia somo hilo. Umeme wa vijijini kule ulienezwa zaidi na vyama vya ushirika baada ya Rais Franklin Roosevelt kuunda wakala wa umeme vijijini mwaka 1935, na sheria yake ikapitishwa mwaka 1936. Vyama hivyo viko karibu 900 hadi leo. Kimojawapo kikubwa kabisa, Pedernales cha Texas, kilianzishwa mwaka 1938 na kufikisha wanachama zaidi ya 200,000. Kwa miaka mingi uchaguzi wa bodi yake ulikuwa wa jina tu, kwani kamati ya uteuzi iliyowekwa na wakubwa wenyewe ilipendekeza jina moja kwa kila kiti. Wanachama walifungua kesi, vyombo vya habari vikafukua matumizi ya anasa, na mwaka 2008 suala hilo likafika mbele ya kamati ya Bunge la Marekani. Mwaka 2010 mahakama ilimtia hatiani aliyekuwa meneja mkuu kwa kuchota fedha za chama. Baadaye chama kilifungua chaguzi zake na nyaraka zake kwa wanachama. Hao ni watu wenye shule, magazeti na mawakili, na bado ilichukua miaka mingi kujua fedha zao zinakwenda wapi. Kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika kina uwezo mdogo zaidi wa kujikagua, kwa hiyo kinamhitaji mkaguzi wa nje zaidi kuliko Texas ilivyomhitaji.

Hata hivyo historia yetu inatuonya kuhusu tiba inayomuua mgonjwa. Mei 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika kwa madai ya ubadhirifu na uzembe, na kazi zao zikapewa mamlaka za mazao. Madai yale hayakuwa ya uongo yote, lakini dawa ilikuwa mbaya kuliko ugonjwa. Mkulima alicheleweshewa malipo, na afisa aliyemchelewesha hakuweza kumpigia kura ya kumtoa. Miaka sita baadaye, mwaka 1982, sheria mpya iliruhusu vyama vikuu kurudi, na mwaka huohuo likaundwa shirika la ukaguzi wa ushirika, COASCO. Sheria ya mwaka 1991 ikasisitiza uhuru na hiari ya wanachama. Katavi inaijua hadithi hii kwa vitendo, kwa kuwa uchumi wa vijiji vyake vingi vya tumbaku umejengwa juu ya vyama vya msingi chini ya chama kikuu cha LATCU. Mkulima wa huku anajua maana ya mkopo wa pembejeo, makato ya chama na deni la pamoja linalomfunga hata aliyelipa sehemu yake. Uzoefu huo ni mtaji, kwani mtu aliyekwisha kubishana na katibu kuhusu mizani ya tumbaku hashindwi kubishana naye kuhusu mita ya umeme.

Hatari ya pili ni bei ya amri. Mwaka 2020 Serikali iliagiza kampuni binafsi zenye gridi ndogo vijijini, zikiwemo za visiwa vya Ziwa Victoria, zishushe bei hadi shilingi 100 za TANESCO. Nia ilikuwa njema, kwa kuwa wateja wa visiwani walikuwa wakilipa mara nyingi zaidi ya mkazi wa mjini, na hakuna anayeweza kusema hiyo ni haki. Kasoro ilikuwa kutofungamanisha agizo hilo na fedha za kuziba pengo. TANESCO huuza kwa shilingi 100 kwa sababu wateja wakubwa wanawabeba wadogo, na Serikali inalibeba shirika. Mwenye gridi ndogo hana wa kumbeba. Bei ikishuka chini ya gharama bila ruzuku, kinachofuata ni mtambo kutotengenezwa, mwekezaji kuacha kuongeza wateja, na mwishowe kijiji kurudi gizani. Mtu akiuliza kwa nini mwananchi wa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, alipe zaidi ya yule wa Kariakoo, jibu la haki ni kwamba asilipe zaidi, ila tofauti ilipwe waziwazi na mfuko unaojulikana, kwa kiasi kinachoandikwa kwenye bajeti. Bei nafuu isiyo na mlipaji haina maisha.

Vyombo vya kufanya kazi hii tunavyo. Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 iliunda Wakala wa Nishati Vijijini, REA, pamoja na Mfuko wake, ambao unaweza kugharamia nguzo, nyaya na mitambo. EWURA hudhibiti bei, leseni na ubora wa huduma kwa nguvu ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, na chini ya kanuni zake mitambo midogo isiyofikia kilowati 100 imepewa nafuu ya taratibu. Lipo pia baraza la kuwatetea watumiaji wa huduma zinazodhibitiwa na EWURA. Upande wa pili, Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 iliunda Tume ya Maendeleo ya Ushirika, yenye Mrajis anayesajili vyama, kusimamia chaguzi na kuchunguza viongozi. COASCO hukagua hesabu. Tatizo ni kwamba chama cha umeme kinaangukia katikati ya kambi hizi mbili. Ofisa ushirika anajua katiba na mihtasari lakini hajafundishwa kusoma mita ya mtambo. Mhandisi wa EWURA anajua volti na transfoma lakini si kazi yake kuuliza kwa nini mkutano mkuu haujaitishwa. Kila mmoja anaweza kutoa cheti safi kwa chama kilichooza upande ambao yeye hauangalii.

Marekebisho yanayohitajika si makubwa. La kwanza ni makubaliano ya maandishi kati ya EWURA na Tume ya Ushirika, yatakayotaka ukaguzi mmoja kila mwaka, hesabu za fedha na hesabu za uniti zikisomwa pamoja, na matokeo yabandikwe ofisi ya kijiji. La pili ni ukomo wa vipindi vya uongozi, na marufuku kwa kiongozi au jamaa yake kukiuzia chama mafuta au vipuri. La tatu ni akiba ya lazima ya kubadilisha mitambo, itakayowekwa benki na isiyoguswa bila azimio la mkutano mkuu. La nne linaihusu Serikali: ikitaka kukiweka chama chini ya uangalizi, itaje kosa lililo kwenye sheria, itaje muda usiozidi mwaka mmoja, na mwisho wake iwe ni uchaguzi mpya wa wanachama. Bila sharti hilo la nne, matatu ya mwanzo yatageuka kuwa mlango wa kurudia mwaka 1976.

Njia hii imejaribiwa kwingine. Bangladesh iliunda Bodi ya Umeme Vijijini mwaka 1977, na chini yake kuna vyama 80 vya wateja vinavyoitwa samiti. Bodi imekuwa ikiwekeana na kila samiti mkataba wa malengo ya mwaka: upotevu wa umeme usizidi kiwango fulani, madeni yakusanywe kwa kiwango fulani, wateja wapya wafike idadi fulani. Anayefaulu anatuzwa, anayeshindwa anabanwa. Lakini bodi hiyohiyo ilizidi kushika kila kitu, hata mwaka 2024 wafanyakazi wa samiti wakagoma wakilalamika kwamba wanabeba lawama za maamuzi wasiyoyafanya. Uganda nayo ilijenga nyaya kwa fedha za umma na kuvikodisha vyama vya wateja, kama kile cha Bundibugyo na kile cha Kyegegwa, viziendeshe kwa leseni ya mdhibiti wa umeme. Hapa kwetu nako, huko Mawengi wilayani Ludewa, jumuiya ya watumiaji inaendesha umeme wa maji uliojengwa kwa msaada wa shirika la Kiitaliano la ACRA. Mifano hii inakubaliana katika jambo moja: fedha kubwa ya kujenga ilitoka nje ya kijiji, na uendeshaji wa kila siku ukawa wa wenyeji. Pasipo mgawanyo huo, chama kinaanza na deni ambalo uniti za wakulima haziwezi kulilipa.

Msomaji wa Mpanda anaweza kusema kwamba mjadala huu umepitwa na wakati, maana njia ya umeme ya kilovolti 132 imejengwa kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga hadi mjini kwake. Ni kweli kwamba gridi ni baraka, nayo inaumaliza utumwa wa dizeli kwa miji na viwanda. Lakini waya mkubwa kufika Mpanda hakumaanishi waya mdogo umefika kila nyumba. Nchi ina vijiji 12,318 na vitongoji zaidi ya 64,000, na kijiji huhesabiwa kuwa kimefikiwa hata kama umeme umeishia shuleni, kwenye zahanati na nyumba za kando ya barabara. Katavi ina watu zaidi ya milioni 1 waliotawanyika katika eneo kubwa lenye hifadhi, misitu na mwambao wa ziwa, na kitongoji cha mbali kikikatikiwa umeme msimu wa mvua, gari la TANESCO linaweza kukwamia njiani. Kanuni za EWURA zimekwisha kuona mbele: mwenye gridi ndogo akifikiwa na gridi kubwa anaweza kuiuzia TANESCO umeme wake, kununua umeme wa jumla kutoka TANESCO na kuusambaza mwenyewe, au kufidiwa nyaya zake. Chaguo la katikati ndilo linaloufaa ushirika. Wanachama wananunua kwa jumla umeme wa gridi, fundi anakaa kijijini, na hesabu inakuwa rahisi kukagua kwa sababu mita moja tu inapima umeme wote unaoingia.

Yapo pia malalamiko ya waliochoshwa na ushirika wenyewe, wanaosema vyama vimejaa wizi na kwamba umeme ni nyeti mno kukabidhiwa kwa watu walewale waliotafuna fedha za mazao. Hasira yao inaeleweka, kwani ripoti za ukaguzi wa ushirika nchini zimekuwa zikitoa hati chafu na hati zenye mashaka kwa vyama vingi. Lakini ripoti hizo hizo ni ushahidi kwamba wizi wa ushirika unaweza kuonekana, kuandikwa na kusomwa. Shirika kubwa la umma nalo lina upotevu wake, ila mkazi wa Mishamo, mkoani Katavi, hana kikao cha kumuuliza meneja wake, wala kura ya kumtoa. Swali la maana ni iwapo aliyeumia ana pa kushika. Katika ushirika wenye daftari wazi na mkaguzi anayeogopwa, mwanachama ana mkutano mkuu, ana Mrajis, ana EWURA na ana mahakama. Kwa hiyo wizi wa jana ni sababu ya kukaza ukaguzi, na si sababu ya kuifuta haki ya wananchi kumiliki.

Serikali inapopeleka nguzo vitongojini, ikubali kuanza na vyama vichache vya majaribio katika mikoa kama Katavi, ambako watu wana mazoea ya ushirika na umbali unaifanya huduma ya shirika kuwa ghali. Iandike masharti kabla ya waya wa kwanza kuvutwa, ili mwanachama, mdhibiti na Waziri wote wajue mipaka yao. Nawe msomaji uliye mwanachama wa chama chochote, kiwe cha tumbaku, cha akiba na mikopo au cha umeme siku kitakapokuja, usisubiri sheria mpya. Mkutano mkuu ujao simama uombe madaftari yasomwe hadharani, tarakimu kwa tarakimu, na jibu lake liandikwe kwenye muhtasari. Haki hiyo unayo tayari.